Mafahali Wawili, Zizi Moja

Wahenga hawakuwa wajinga waliponena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini wahenga hao hawakuwahi kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule yetu. Laiti wangaliingia, wangalituachia jibu la swali ambalo nimelibeba kichwani tangu mwaka jana: je, tarakilishi mbili zaweza kukaa kwenye skrini moja? Na zikikaa, ni nani anayefaidika na ni nani anayeumia?

Kabla sijaenda mbali, naomba ruhusa ya walimu wangu wa Kiswahili nitumie maneno yetu ya kila siku. Najua kwamba tarakilishi ndilo neno la vitabuni, lakini kuanzia hapa nitasema kompyuta. Kipanya nitakiita mausi, kwa sababu sijawahi kusikia mwanafunzi akimwambia mwenzake "nipe kipanya." Na lile sanduku la chuma linalonguruma chini ya meza nitaliita sanduku tu. Wengi wetu huliita sipiyu, lakini mwalimu wetu hutukanya kila kipindi kwamba sipiyu hasa ni kichakataji kilichomo ndani, kidude kidogo kisichozidi biskuti.

Haya, tuingie ndani.

Chumba chetu kina masanduku 12 yanayofanya kazi. Skrini zinazowaka ni 8 tu. Sisi wanafunzi wa kidato cha tatu tunaosoma Kompyuta tu 24. Aliyefaulu hesabu za darasa la tatu amekwisha kuona shida iko wapi. Tunakaa watatu watatu kwa kila skrini, na masanduku manne yamepangwa ukutani, mazima lakini vipofu.

Mkikaa watatu kwenye kompyuta moja mnagawana kazi bila hata kuambiana. Wa kwanza ndiye mwenye mausi. Wa pili ni msemaji: "Bonyeza hapo! Si hapo, wee, hapo juu!" Wa tatu ni mtazamaji. Kazi yake ni kunyoosha shingo kama twiga na kuitikia "ehe" mambo yanapokwenda vizuri. Katika kidato cha pili mimi nilikuwa mtazamaji mwaka mzima. Si kwamba nilikuwa mvivu, la hasha. Ila mimi ni mfupi na sina mabega ya kusukumana. Nikiomba mausi naambiwa, "Ngoja kidogo tumalize hii," na hiyo "hii" haikuwa inaisha mpaka kengele ilie.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipofika, kila mmoja wetu aliitwa peke yake mbele ya kompyuta. Nilijua nililotakiwa kufanya. Nilijua kwamba fomula ya kujumlisha huanza na alama ya usawa. Lakini mkono ulinitetemeka, ile mausi ikakimbia huku na huku kama panya aliyemwona paka, na muda ukaisha. Nilipata alama 11 kwa 50. Kwenye nadharia nilikuwa wa pili darasani.

Nasema haya bila aibu kwa sababu mbele yetu kuna KCSE. Somo la Kompyuta lina karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo, na mradi. Ile ya vitendo huchukua saa mbili na nusu. Mtahiniwa hukaa na mashine yake, huhifadhi kazi kwenye CD, huichapa, kisha hukabidhi karatasi alizochapa pamoja na CD hiyo. Hakuna karatasi ya mtazamaji. Tulipochagua masomo ya kidato cha tatu, wenzangu watatu, wote wasichana, waliliacha somo hili. Mmoja aliniambia hivi: "Kwani nitasoma kwa macho mpaka lini?" Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo mimi na wenzangu wawili tulipopata wazo ambalo tulidhani litatuletea sifa. Tulikuwa tumesikia habari za kifaa kinachoitwa swichi ya KVM. Herufi hizo ni za Kiingereza, lakini hata kwa Kiswahili chetu zinakubali: kibodi, video, mausi. Ni kijisanduku kisichozidi mche mfupi wa sabuni. Upande mmoja unachomeka skrini moja, kibodi moja na mausi moja. Upande wa pili unachomeka nyaya za masanduku mawili. Ukibonyeza kitufe unaona sanduku la kwanza. Ukibonyeza tena unaona la pili. Lile usiloliona halizimiki. Linaendelea na kazi yake kimyakimya, kama sufuria ya githeri uliyoiacha mekoni ukaenda kuteka maji.

Mwalimu wetu alituazimia swichi moja kutoka kwa fundi mmoja pale mjini Meru. Tuliunganisha sanduku moja kati ya yale vipofu na jingine lenye skrini. Kundi la kwanza likapewa sanduku la kushoto, kundi la pili la kulia. Furaha yetu ilidumu dakika tatu.

"Rudisha kwetu!"

"Ai, hata hatujasevu!"

"Nyinyi mmekaa sana, si mtuachie!"

Kitufe kilibonyezwa mpaka nikakionea huruma. Tulikuwa tumesahau hesabu ndogo sana. Mwanzoni tulikuwa watatu kwa skrini moja. Sasa tulikuwa sita kwa skrini moja. Masanduku yaliongezeka, lakini macho yaliyotaka kuona hayakupungua. Wahenga walicheka sana siku hiyo, huko waliko. Mafahali wawili walikuwa wamekataa zizi.

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Wazo hilo ningelizika kabisa kama nisingetumwa, wiki iliyofuata, kupeleka daftari la mahudhurio kwa sekretari wa shule. Juu ya meza yake niliona skrini mbili. Moja ilikuwa ikiwaka. Ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua mekundu pembeni, safi kama kitambaa cha sebuleni.

"Shikamoo. Na hiyo nyingine imeharibika?" nikauliza.

"Marahaba. Hapana, hii ni nzima. Ni ya ile kompyuta ya zamani. Naiwasha tu nikitaka kutumia ile printa kubwa. Hii mpya haisikizani nayo."

Wasomaji wapenzi, nilitoka pale mbio kama niliyeokota pesa. Nilikuwa nimeelewa kosa letu. Swichi ile haikutengenezwa kugawa skrini moja kati ya watu wawili. Ilitengenezwa kugawa skrini moja kati ya masanduku mawili ya mtu mmoja. Mtu mmoja ana macho mawili, lakini hawezi kutazama kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwake yeye skrini ya pili ni mapambo. Kwetu sisi ni kiti cha mtihani.

Nilianza kuhesabu. Kwa sekretari kuna kompyuta mbili na mtumiaji mmoja. Katika ofisi ya mitihani kuna mbili: mpya ya kazi za kila siku, na ya zamani yenye programu ya alama ambayo huamshwa mwisho wa muhula. Maktabani kuna mbili pia: ya zamani yenye orodha ya vitabu, na nyingine iliyokuja baadaye kwa ajili ya intaneti. Sisemi kompyuta hizo za zamani zitupwe. Zinatumia Windows 7, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, kwa hivyo si salama kuingia nazo kwenye intaneti. Lakini kila moja ina kazi yake moja ambayo bado inaifanya. Acha masanduku yabaki palepale yalipo. Ninachoomba ni skrini.

Basi maoni yangu ni haya: tugawanye vifaa pale ambapo mtu mmoja ana kompyuta mbili, ili tusilazimike kugawana pale ambapo watu watatu wana moja. Skrini tatu kutoka ofisi hizo tatu zikija chumbani, tutakuwa na skrini 11. Masanduku ya kuzipokea tunayo tayari. Wanafunzi 24 wakigawanywa kwa skrini 11, makundi tisa yatakuwa ya wawili wawili, na mawili tu ndiyo yatakayobaki na watatu. Watazamaji watapungua kutoka wanane hadi wawili. Hata hao wawili wanaweza kupokezana kila wiki.

Huenda mtu akasema, "Huyu mtoto anataka kuwanyang'anya wakubwa vitu vyao." Sivyo. Hebu tuangalie kazi yenyewe inavyofanywa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuinama nyuma ya skrini na kutazama. Skrini nyingi bapa zina tundu la VGA, lile la buluu lenye vijitundu 15 katika safu tatu, ambalo lililetwa na kampuni ya IBM mwaka 1987 na bado liko katika mashine nyingi za shule. Lakini nyingine zina tundu la pili kando yake, la DVI au HDMI. Ikiwa skrini ina matundu mawili, na masanduku yako yana matundu ya kuoana nayo, huhitaji swichi kwa ajili ya picha. Sanduku moja unalichomeka huku, la pili kule, kisha unachagua kwa kitufe cha skrini yenyewe. Kibodi na mausi zinaweza kubaki mbili, maana hizo hazitupi shida sana. Hapo gharama ni ya waya tu.

Ikiwa skrini ina tundu moja, hapo ndipo swichi inapohitajika. Fundi yule aliniambia ile ndogo ya masanduku mawili haifiki shilingi 2,000, na kwamba skrini kuukuu ni zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Wazazi wetu ni watu wa majani chai, ndizi, kahawa na miraa. Shilingi mia moja moja wanazitafuta kwa jasho. Ni haki kwao tutumie kwanza kilichopo.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya kwamba hakuna matatizo. Tuliyaona tulipojaribu. Kuna masanduku ya zamani ambayo kibodi na mausi zake zina vichwa vya mviringo, kimoja cha zambarau na kingine cha kijani. Hivyo havichomolewi mashine ikiwa inawaka. Zima kwanza. Vile vya USB havina neno. Tena kuna masanduku yanayotaka kuiona kibodi yanapoamka. Yasipoiona yanakwama, yanakuandikia kwamba kibodi haipo, kisha yanakuamuru ubonyeze kitufe cha F1 ili uendelee! Sasa utakibonyeza na nini? Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja. Dawa yake ni rahisi. Unapoliwasha sanduku, igeuzie swichi upande wake mpaka limalize kuamka. Hapo hata picha inakuja kwa ukubwa unaofaa.

Na jambo jingine, nyaya za VGA zisiwe za kuchomolewa na kuchomekwa kila saa. Vijisindano vyake hupinda upesi. Hiyo ndiyo faida ya swichi: mkono unagusa kitufe, haugusi waya. Mkiona waya ambao kijisindano kimoja hakipo katika safu ya katikati, msishtuke. Mara nyingi kimeachwa hivyo makusudi kiwandani.

Sasa nijibu hoja za wanaopinga, kwa heshima zote.

Hoja ya kwanza niliisikia kwa wanafunzi wenzangu, tena kwa kunong'onezana: skrini ya ofisi ya mitihani ikiletwa chumbani, si tutaona mtihani? Maskini wenzangu! Alama na mitihani haikai kwenye skrini. Iko ndani ya sanduku, na sanduku linabaki ofisini limefungiwa kwa kufuli. Skrini ni kama kioo cha kunyolea. Ukikibeba kioo cha kinyozi hadi nyumbani kwako hutaiona sura ya mteja wake. Anayeogopa au anayetumaini, wote wawili wapumzike.

Hoja ya pili ni kwamba swichi ikiharibika, kompyuta mbili zitakuwa zimepofuka kwa pamoja. Hii ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini ikitokea hivyo, unaondoa swichi na kuchomeka waya moja kwa moja kwenye sanduku unalolihitaji siku hiyo. Kazi haipotei. Unarudi tu katika siku za kuchomoa na kuchomeka mpaka fundi aje.

Hoja ya tatu ni ile ya kuwangoja wengine. "Si serikali italeta?" Tangu shirika la Computers for Schools Kenya lianzishwe mwaka 2002, shule nyingi za nchi hii zimepata kompyuta zilizotumika kwingine. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali ulioanza kugawa mwaka 2016 ulilenga wanafunzi wadogo wa shule za msingi, na ni haki yao. Sipingi misaada. Ikija, tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini mimi nitakuwa katika chumba cha mtihani mwaka ujao, na mwaka huo haungoji.

Tena wapo wanaosema tununue vifaa kama vya NComputing, ambavyo huwezesha sanduku moja kuhudumia skrini nyingi. Ni vifaa vizuri kwa shule yenye skrini nyingi na masanduku machache. Sisi tuna ugonjwa wa kinyume. Tuna masanduku ya ziada na skrini haba. Dawa ya malaria haiponyi mguu uliovunjika.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi wanafunzi wala si ofisi. Hata skrini zikifika 11, wawili wakikaa pamoja mmoja anaweza kuishika mausi kipindi kizima. Huku kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wengi tunanywa maji ya miradi ya kijiji. Bomba ni moja na maboma ni mengi. Kwetu kila boma lina siku yake, na siku hiyo imeandikwa. Mwaka ambao ratiba ilivunjika, walio juu walimwagilia viazi, na sisi wa chini tulifungua mfereji ukatutolea hewa. Maji hayakuwa yamepungua. Utaratibu ndio uliokuwa umepungua.

Vivyo hivyo naomba liwepo daftari la mausi. Dakika kumi kwako, dakika kumi kwa mwenzako, saa ya ukutani ikiwa mwamuzi. Asiyeshika mausi asiwe mtazamaji, bali asome swali kwa sauti na akague kazi. Printa ile moja nayo iunganishwe kwa waya wa mtandao, ili kila kundi lichape kutoka mahali pake. Siku hizi tunapanga foleni na flashi mikononi, na virusi vinasafiri bure bila nauli. Bora tu tukumbuke kwamba kompyuta iliyoshikilia printa lazima iwe inawaka, la sivyo wengine wote watachapa hewa.

Kwa mwalimu mkuu wetu na walimu wote wapendwa, ombi langu si kubwa. Jaribuni katika ofisi moja tu, kwa muhula mmoja. Ikiwa kazi ya ofisi itakwama hata kidogo, skrini irudishwe, na mimi mwenyewe nitaibeba mpaka mlangoni na kuifunika kile kitambaa cha maua. Isipokwama, tuendelee na ofisi ya pili.

Wahenga walisema kweli kuhusu mafahali, lakini hawakutuambia kwamba zizi likiwa na mchungaji mmoja, anayefungulia mmoja na kumfungia mwingine, wote wawili watalala salama. Pasipo mchungaji huyo, tutapigana pembe, na nyasi zitakazoumia ni wale wafupi wasio na mabega.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Na wewe unayeishika mausi katika kipindi cha kesho, hebu geuka kidogo uone ni nani aliyesimama nyuma yako.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu